Jumamosi tatu za kupanga jaribio la saikolojia: tathmini ya mafunzo niliyoyalipia Kisumu

Niliingia katika mafunzo haya nikiwa na sentensi moja ambayo nilikuwa nimeishi nayo kwa miezi minne: "Utafiti huu unanuia kuchunguza athari za mbinu za kusoma katika kumbukumbu za wanafunzi wa shule za upili." Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili alikuwa ameirudisha mara mbili, kila mara akiandika pembeni neno lile lile, "Pana", nami kila mara nilikuwa nimejaribu kuipunguza kwa kuiongezea maneno. Ndipo mwenzangu wa idara aliponielekeza kwa wakufunzi wawili ambao hukodi chumba ghorofani katikati ya jiji la Kisumu, si mbali na barabara ya Oginga Odinga, na kufundisha kwa Jumamosi tatu mfululizo namna ya kupanga jaribio la saikolojia, kuanzia madhumuni hadi karatasi ya kukusanyia data. Ada yao ni shilingi 6,000, chai ya saa nne ikiwa ndani yake. Tulikuwa watu 14: walimu, wauguzi wawili, wanafunzi wa uzamili na ofisa mmoja wa shirika la kijamii. Jina la huduma sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na malalamiko ya mtu aliyehudhuria awamu moja ni sampuli ya mtu mmoja. Udhaifu wa sampuli ya namna hiyo nilifundishwa na wao wenyewe.

Jumamosi ya kwanza iliongozwa na mhadhiri mstaafu ambaye sote tulimwita Daktari. Alimtaka kila mmoja aandike ubaoni sentensi ya utafiti wake, kisha akapita kutoka sentensi moja hadi nyingine akiuliza swali moja tu: "Itashindwaje?" Muuguzi mmoja alikuwa ameandika kwamba msongo wa mawazo huathiri utendakazi wa wauguzi. Daktari alimwambia kwa upole kwamba wauguzi wenye msongo wakifanya kazi polepole, sentensi itasema imeshinda. Wakifanya kwa haraka kupita kiasi, itasema imeshinda pia. Na kauli ambayo hushinda kila upande haijatuambia lolote kuhusu wauguzi. Ilipofika zamu yangu aliniuliza, "Mwalimu, ukipata kwamba mbinu zote ni sawa, sentensi yako itakuwa imekosea?" Nikajibu kwamba haitakuwa imekosea. "Na ukipata mbinu moja inaizidi nyingine?" Haitakuwa imekosea pia. "Basi hapo umeandika anwani juu ya bahasha," akasema. "Barua yenyewe bado."

Nilikasirika kidogo, nakiri, lakini saa mbili zilizofuata ndizo zilizostahili ada yote. Katika mapendekezo mengi ya utafiti tunayoyaandika huku kwetu, madhumuni, malengo mahususi, maswali ya utafiti na nadharia tete huwa ni sentensi moja iliyovalishwa nguo nne. Daktari alizitenganisha. Madhumuni husema tunataka kujua nini na kwa sababu gani, na yanaweza kuwa mapana kiasi. Nadharia tete ni ahadi: inasema mapema nini kitapimwa, kwa nani, kikilinganishwa na nini, baada ya muda gani, na tofauti itaelekea upande upi. Kando yake husimama nadharia tete sifuri, ile inayodai kwamba tofauti haipo, na hiyo ndiyo ambayo takwimu hupewa kazi ya kuitikisa. Wapo wanaosema "haipothesia", na darasani ulizuka ubishi mfupi kuhusu istilahi hizo ambao Daktari aliumaliza kwa kusema kwamba jina lolote lifaalo litumike, mradi sentensi iweze kushindwa.

Mfano alioutumia kwa ajili yangu ulikuwa utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, uliofanywa Marekani kwa wanafunzi 120 wa chuo kikuu. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Kifungu kimoja wakakisoma tena, na kingine wakaandika kila wanachokikumbuka bila kukitazama. Waliopimwa baada ya dakika 5 walikumbuka asilimia 81 ya kifungu walichokirudia, na asilimia 75 ya kile walichojipima. Mwalimu yeyote angeishia hapo na kutangaza kwamba kurudia kusoma ndiko bora. Waliopimwa baada ya wiki moja walionyesha kinyume: asilimia 42 kwa kurudia, 56 kwa kujipima. Kwa hiyo sentensi isemayo tu kwamba kujipima huboresha kumbukumbu ni kweli na si kweli kwa pamoja, na kinachoamua ni muda ambao mwandishi hakujisumbua kuutaja. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 11 nikiwaambia wanafunzi "rudieni kusoma usiku wa kuamkia mtihani", na ushauri huo, kumbe, unafaa kwa mtihani wa asubuhi ile tu.

Kufikia adhuhuri nilikuwa na sentensi mpya: wanafunzi wa kidato cha tatu, baada ya siku 7, watakumbuka hoja nyingi zaidi za kifungu walichokisoma mara moja kisha wakaandika wanachokikumbuka bila kukitazama, kuliko hoja za kifungu walichokisoma mara mbili. Ni ndefu, haipendezi sikioni, lakini inaweza kushindwa.

Chai ya saa nne nayo ilikuwa sehemu ya somo, na hapa niwasifu wakufunzi kwa ubunifu. Mwaka 1935 Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza, alieleza jaribio la bibi aliyedai kutambua kwa ulimi iwapo maziwa yalitangulia chai kikombeni au yalifuata. Daktari alikiri kwamba mfano huo haueleweki vizuri Nyanza, ambako majani, maji na maziwa huchemshwa pamoja katika sufuria moja na hakuna kinachomtangulia mwenzake. Akaubadili. Mwalimu mmoja wa hisabati alidai kwamba anatambua chai iliyochemshwa na maziwa na chai ya rangi iliyotiwa maziwa moto baadaye. Vikombe 8 viliandaliwa nje ya macho yake, 4 vya kila aina, vikapangwa kwa kura, naye akaambiwa achague vile 4 vilivyochemshwa. Kabla hajaonja, tulitakiwa kukubaliana ni matokeo gani yatatufanya tumwamini. Zipo njia 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8, na moja tu ndiyo sahihi kikamilifu, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 70 ya kupata vyote. Tukaandika: vyote 4, au hatukuamini. Alipata 3. Chumba kizima kilimpigia makofi, na watu wawili wakaanza kusema kwamba 3 kati ya 4 ni alama nzuri, hadi Daktari alipotuonyesha kwamba anayebahatisha hupata 3 au zaidi kwa njia 17 kati ya zile 70, yaani karibu mara moja katika kila majaribio manne. Kama tusingaliandika sharti letu mapema, tungalilibadilisha palepale na kumpa heshima asiyoistahili, tukawa kama mtu anayetabiri mvua akiwa ameshalowa. Mwalimu wa hisabati hakufurahi. Bado anadai kwamba kikombe cha tano kilikuwa kimepoa.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya mkufunzi wa pili, mama mmoja makini tuliyemwita Madam, naye ndiye aliyeshika kalamu nyekundu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila neno katika nadharia tete lina kitu cha kulipima na kwamba kila tofauti tutakayoiona haiwezi kuelezwa na kitu kingine. Muuguzi yule alirudi na sentensi safi kuhusu msongo, akaambiwa kwamba huo si mpango wa jaribio hata kidogo. Jaribio humtaka mtafiti abadilishe jambo moja kwa makusudi na kuwagawa washiriki kwa kura, na hakuna mwenye haki wala uwezo wa kuwagawia wauguzi msongo wa mawazo kwa kura. Kuupima msongo walio nao tayari na kuulinganisha na kazi yao ni uchunguzi wa uhusiano. Una thamani yake, lakini hauthibitishi chanzo. Baada ya nusu saa ya majadiliano alifikia mpango ambao ungewezekana: kundi moja lifanye mazoezi ya kupumua kwa dakika 10 kabla ya zamu, na kundi la udhibiti likae kimya kwa dakika zile zile 10. Madam alisisitiza zile dakika 10 za kukaa kimya, kwa sababu kundi lisilopewa chochote lingetofautiana na jingine kwa mapumziko pia, si kwa pumzi peke yake.

Kosa langu lilikuwa lile ambalo, nadhani, kila mwalimu angelifanya. Nilipanga mkondo wa Mashariki urudie kusoma na mkondo wa Magharibi ujipime. Madam aliuliza nani hufundisha Mashariki (mimi), somo huwa saa ngapi (Mashariki asubuhi, Magharibi baada ya chakula cha mchana, wakati ambapo githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, inaanza kuwasinzisha), na wanafunzi walipangwa mikondo kwa njia gani. Nilipomaliza kujibu hakukuwa na haja ya kuelezwa zaidi: tofauti yoyote ingeweza kuwa ya mwalimu, ya saa au ya githeri. Kwa hakika ningekuwa nimelinganisha vitu viwili tu, mikondo miwili, hata kama ndani yake mna vichwa 96.

Hapo ndipo Daktari, aliyekuwa ameketi nyuma, alipotukumbusha kwamba mafunzo ya ugawaji hayahitaji kutoka mbali. Katika kaunti ya Busia, huku huku magharibi mwa Kenya, Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza dawa za minyoo katika shule 75 zilizogawanywa katika makundi matatu ya shule 25, la kwanza likaanza kupewa dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999 na la tatu mwaka 2001. Ripoti yao ilitoka mwaka 2004, na Kremer alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kilichonivutia ni jambo dogo: shule ziliorodheshwa kwa alfabeti na kila ya tatu ikaingizwa katika kundi lake, utaratibu ambao haumpi mtafiti nafasi ya kuchagua apendavyo lakini si kura kamili. Niliuliza iwapo naweza kutumia namba za rejista kwa namna hiyo. Madam alinijibu kwamba katika shule ambako namba za rejista hufuata alama za kujiunga, namba witiri na shufwa hazigawi darasa sawasawa kama zinavyoonekana. Akanishauri nikate vikaratasi na kuvitia katika kofia. Shilingi kumi za karatasi, na ubishi unaisha.

Mpango tulioishia nao unafanana na ule wa mwaka 2006. Kila mwanafunzi atasoma vifungu viwili, kimoja akirudie na kingine ajipime, na vikaratasi vya kofia vitaamua anaanza na mbinu ipi na kwa kifungu kipi, ili wanafunzi 96 wagawanyike katika mafungu manne ya 24. Kila kifungu kina hoja 30 zilizohesabiwa mapema, na majibu yatasahihishwa na walimu wawili wasiojua karatasi ipi ni ya mbinu ipi. Nilikuwa nimeandika kifungu kimoja kuhusu omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, nikijivunia kwamba nimeleta mazingira ya ziwa darasani. Mwenzetu anayefundisha upande wa Dunga, ufukweni mwa ziwa hilo, alicheka. "Mwalimu, watoto wangu watakumbuka omena hata usipowasomesha." Alikuwa sahihi kwa sababu ya kitaalamu pia: wote wakipata 28 kati ya 30, hapatakuwa na nafasi ya mbinu moja kuizidi nyingine, hata kura ziwe za haki namna gani. Omena ameondoka, badala yake ni ngamia na barafu ya Mlima Kenya.

Hadi hapo ningewapa wakufunzi hawa alama zote. Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii badala ya kuwasifu kwa mdomo tu. Mada ilikuwa idadi ya washiriki, na Daktari, mtu yule yule aliyetufundisha kuuliza "Itashindwaje?", alisema kwamba washiriki 30 wanatosha. Nilipouliza 30 imetoka wapi, alijibu kwamba ndivyo ilivyozoeleka, akaendelea na mpangilio wa jedwali. Nilirudi nyumbani upande wa Ahero na kupakua G*Power, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Heinrich Heine, Düsseldorf, ambayo hufanya hesabu hizi kwa dakika chache. Kwa makundi mawili tofauti, tukitarajia tofauti ya ukubwa wa kati, yaani nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), na tukitumia kiwango cha 0.05 kwa pande zote mbili, yaani kukubali nafasi 5 kati ya 100 ya kudanganywa na bahati pale ambapo tofauti haipo, iwe upande wowote, tunahitaji watu 64 katika kila kundi ili tuwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo iwapo ipo. Watu 30 katika kila kundi wanatupa takribani asilimia 48, ambayo ni chini kidogo ya kurusha sarafu. Na wakiwa 30 kwa jumla, 15 kila upande, tunabaki na karibu asilimia 26. Mtafiti wa namna hiyo anaweza kuwa na nadharia tete nzuri kupindukia, akagawa kwa kofia, akaficha majina, kisha asione kitu, na asijue kama kitu hakipo au darubini yake ni ndogo.

Mimi niliokolewa na mpango wa kila mwanafunzi kupitia mbinu zote mbili. Mtu anapolinganishwa na nafsi yake, tofauti za vipaji haziingii katika hesabu. Iwapo wastani wa tofauti ni nusu ya mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, watu 34 wanatosha, nami ninao 96. Muuguzi mwenye makundi mawili ya watu 15 hakuwa na bahati hiyo, na aliondoka akiamini kwamba mpango wake umekamilika. Hilo si dosari ndogo katika huduma inayouza upangaji wa majaribio. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia: 97 kati ya zile za awali zilikuwa zimetangaza tofauti ya kitakwimu, lakini ni asilimia 36 tu ya zilizorudiwa zilizoionyesha tena, na sampuli ndogo ni miongoni mwa sababu ambazo zimekuwa zikitajwa tangu wakati huo. Daktari alituelezea utafiti huo Jumamosi ya kwanza kwa shauku. Sielewi jinsi alivyousahau ya tatu.

Suala la vibali nalo lilipewa dakika 20 za mwisho, watu wakiwa wameshashika mikoba. Anayepanga jaribio linalohusu watu nchini Kenya anahitaji mpango wake upitiwe na kamati ya maadili, kisha apate leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Anayetumia wanafunzi walio chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya wazazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Na orodha ya majina na alama inaangukia chini ya sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Haya yote yalitajwa, lakini hakuna aliyeonyeshwa fomu hata moja. Vilevile hakukuwa na neno juu ya lugha, ilhali vitini vyote vilikuwa vya Kiingereza na wengi wetu tutawapima watu wanaofikiri kwa Kidholuo, Kiluhya au Kiswahili. Kwangu mimi lugha ya kifungu ni swali la jaribio lenyewe, na nilitarajia angalau onyo.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Chumba kina mwanga wa kutosha, kelele za bodaboda zinavumilika, na chai, kama ilivyokwisha kuthibitishwa, ni nzuri kwa namna zote mbili za upishi. Vipindi huanza saa tatu kamili, si saa tatu ya kusubiriana. Kwa shilingi 6,000, mtu aliyekwama kwenye madhumuni na nadharia tete hatapata kwa urahisi mahali pengine pa kukwamuliwa kwa kasi hiyo. Aliyekwisha kuwa na nadharia tete nzuri na anatafuta msaada wa takwimu, abaki na fedha zake. Msimamizi wangu alirudisha pendekezo langu wiki iliyopita likiwa na swali pembeni, "Kwa nini siku 7?", nalo nina jibu lake ukurasa wa 11.

Niliwaandikia wakufunzi barua pepe nikiambatisha hesabu za G*Power. Walijibu baada ya siku mbili, bila kujitetea, na wakazituma kwa wote 14. Muuguzi alinipigia simu jioni ile ile. Anatafuta hospitali ya pili ili afikishe wauguzi 128, na akiwakosa atabadili mpango: kila muuguzi atapumua kwa mazoezi wiki moja na kukaa kimya wiki nyingine, na kofia itaamua ipi itangulie.